Jedwali la Jua

Muthara,
17 Machi 1986

Mpendwa Saado,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Hujambo hapo Maua? Mzee Burale anaendeleaje na kifua? Sisi tu wazima, mvua imeanza na mama amepanda maharagwe. Mwili wangu hauna neno, ila nina hasira, na sehemu yake ni juu yako.

Kwa nini uliomba msamaha? Profesa Mbaka alisema mbele ya idara nzima kwamba wewe ndiwe uliyeharibu hesabu zetu, ati kwa uzembe wako tumechekwa ng'ambo. Nawe ukainama, ukasema huenda ulikosea, ukafunga sanduku ukarudi kupima sukari dukani kwa baba. Miaka miwili ya kupima mwendo wa gesi katika mikono ya galaksi yetu, ukaiacha hivyo hivyo! Si ungepiga hata meza!

Jana mchungaji aliniita mbele. Akawaambia waumini kwamba kijana wao amegundua gesi ya mbinguni inakimbia kuja kwetu. Wakapiga makofi, maana huku hawajasikia kwamba tulikosea. Nikatabasamu kama mjinga. Nilitaka kuwafokea kwamba gesi ile haiji kwetu, inazunguka zake tu kama kawaida. Jua letu ndilo linalosafiri, nasi pamoja nalo, na usipoondoa mwendo huo kwenye vipimo, utadhani gesi ndiyo inayokuja mbio.

Wewe uliliona hilo mapema. Oktoba uliniletea karatasi, ukasema mwendo wa gesi unafanana mno na mwendo wetu wenyewe, ukaniomba nikague jedwali la Jua, lile la kuondoa mwendo wetu kwenye vipimo. Nilikwambia nimekagua.

Saado, sikukagua. Jedwali lilikuwa langu, na niliona aibu kusahihishwa na mtu niliyemtangulia chuoni. Nilipolifungua, siku mbili kabla ya kikao kile, nilikuta nimejumlisha pale pa kutoa. Nikakaa kiti cha nyuma nikikusikia ukiomba msamaha wa kosa langu, na sikufungua mdomo. Mwoga mkubwa mimi!

Leo nimemwandikia Profesa. Nakala imo humu. Akinifukuza, na anifukuze. Wewe usithubutu kuniandikia kwamba umenisamehe. Njoo idarani Jumatatu ijayo, uketi mezani pako, na unifokee mbele ya walewale waliokusikia ukiomba msamaha.

Wasalimie mzee na mama Awo. Waambie ukweli wote, hata jina langu.

Ni mimi niliyekukosea,
Mithika