Oili ya Gari la Daktari wa Meno

Kaka, binti yetu amekuwa fundi mkuu! Soma tena kama hukuamini. Fundi mkuu wa gereji nzima, yeye, yule yule uliyesema mikono yake ni ya kushonea vifungo. Na gari la daktari wa meno limepanda kilima chote mpaka kwenye mnara na kurudi, halikutoa moshi hata wa sigara moja.

Haya, sasa nikusalimu, maana furaha imenitangulia mlangoni. Hujambo kaka yangu? Wifi hajambo? Goti lako linasemaje siku hizi za mvua? Sisi huku wazima wa afya, ila mimi shingo inaniuma kidogo kwa kutembea nimeinua kichwa. Jirani yangu wa ukuta wa kushoto, yule ambaye mwanawe ni karani wa benki, siku hizi ananiamkia yeye kwanza.

Sasa kaa vizuri nikueleze, usiruke mistari kama kawaida yako.

Daktari wa meno ana gari dogo la michezo, jekundu, la zamani, la milango miwili. Ni la turbo. Mpwa wako alinieleza turbo ni nini nikiwa napiga pasi, nami wa darasa la saba nikaelewa, kwa hiyo wewe uliyeendesha malori miaka thelathini huna kisingizio. Ni kama feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini, nayo inasukuma hewa ndani ili gari lipate nguvu. Inazunguka mno, inapata moto mno, na oili inayoipoza inapita kwenye tundu jembamba kama la sindano. Oili isipofika upesi, feni inakufa.

Za gari hilo zilikuwa zimekufa mbili ndani ya mwaka mmoja, zote mkononi mwa fundi mkuu wa wakati ule, mzee wanayemwita Chuma. Unamkumbuka? Yule mrefu anayeongea na injini kama anaongea na mke wake. Chuma alikuwa na msemo wake, gari kuukuu ni kama mzee, lifunike blanketi zito. Kwa hiyo kila gari la zamani likija, anatia oili nzito kuliko zote dukani. Na kusema kweli hata wewe ulikuwa ukisema hivyo hivyo, tena kwa sauti.

Turbo ya pili ilipokufa, daktari akataka kulichukua gari lake alipeleke kwingine. Hapo ndipo mpwa wako akafungua mdomo. Akasema mbele ya tajiri mwenye gereji na mafundi wote kwamba kosa si la turbo, kosa ni la oili. Wacha wamcheke! Wakampa jina papo hapo, Daktari wa Oili. Kila akipita, mmoja anashika tumbo na kumwuliza, "Daktari, nimeze kijiko kingapi?" Naye anamjibu kwamba yeye atamtia kwa bomba. Tajiri hakucheka. Alimwambia alichukue gari hilo peke yake. Likipanda kilima na kurudi salama, yeye ndiye atakayeongoza mafundi, maana Chuma mwenyewe alikuwa ameshaomba kupunguziwa kazi kwa ajili ya macho. Likifa mara ya tatu, basi atafute gereji nyingine.

Kaka, miaka tisa mwanangu ameosha vyuma vya watu kwa petroli mpaka kucha zikabadilika rangi. Yote hiyo ikawekwa juu ya kilima kimoja.

Paa la gereji lilikuwa linaezuliwa wakati huo, kwa hiyo gari likaletwa uani kwangu, chini ya kamba za kuanikia. Wiki nzima nilianika nguo za wateja ninaowafulia ndani ya nyumba. Akakifungua kitabu cha gari, kimejaa madoa kama kitambaa cha jikoni, akasoma jedwali kwa kidole. Akanionyesha kwamba kopo la oili lina namba mbili. Ya kwanza inasema inavyotiririka injini ikiwa baridi, ya pili inavyostahimili ikiwa moto. Ile ya Chuma, asubuhi inatoka kama asali ya kwenye friji, turbo inazunguka kavu inaisubiri. Wengine wakamshauri atie nyepesi kabisa ya magari mapya. Akakataa pia, akasema injini hii ina nafasi pana za kizamani kati ya vyuma vyake, nyepesi mno itapita tu kama maji kwenye kiganja. Akachagua ya kumi kwa arobaini, sintetiki tupu, ile isiyoungua ikaganda kuwa masizi. Tena akafungua bomba linalopeleka oili kwenye turbo, akatoa kichujio kidogo kama kifungo cha shati, kimezibwa na masizi meusi tii. Hicho hakuna aliyewahi kukifungua. Hakuna!

Alhamisi akabadilisha filta, akatia oili mpaka kwenye alama, akafuta kijiti cha kupimia kwa kitambaa safi, akalala usingizi wa mtoto. Ijumaa Chuma akapita kuliangalia, akatikisa kichwa, akaniambia pale mlangoni kwamba anamhurumia binti yangu, oili ile ni maji ya kunawia. Akaenda zake.

Jumamosi asubuhi tajiri akaja na mafundi watatu, Chuma akiwemo, wamsubiri daktari. Mpwa wako akachomoa kijiti apime mara ya mwisho. Oili imepita alama, vidole viwili! Akainusa, akaisugua kwenye vidole, akasema mtu ametia oili nzito humu. Halafu macho yote yakamgeukia Chuma, maana ndiye aliyepita jana. Mzee wa watu akasimama ameshika kofia, akauliza, "Mimi na mvi zangu hizi, nimimine oili gizani kama mwizi wa kuku?" Binti akasema tu kwamba hamtuhumu mtu ambaye hakumwona, akaingia chini ya gari na kufungua nati. Akamwaga yote, nzuri na mbaya. Akakimbia dukani wakati wanafungua mlango, akarudi na kopo jipya na filta nyingine, akaanza upya. Daktari alipofika saa nne, alikuwa anajifuta mikono.

Wakaondoka, daktari kwenye usukani, mwanangu pembeni, sisi nyuma kwenye pikapu ya tajiri. Mimi nilikaa mbele, usifikiri walinipakia nyuma. Kilima kile unakijua, kona kumi na saba. Gari jekundu likapanda linalia kama nyuki mwenye hasira, likatuacha, tukaja kulikuta juu mnarani, na daktari yuko nje anaruka kama mtoto, mtu mzima yule na miwani yake! Alitaka kuzima injini kwa furaha, binti akamshika mkono, akamwambia aiache ingurume taratibu dakika mbili kwanza, oili iipoze turbo. Kumbe kila siku alikuwa anazima ikiwa moto. Nyuma, moshi hakuna. Tajiri akainama kwenye bomba la moshi, akapitisha kidole, kikatoka kikavu. Akamwambia pale pale, mbele ya mnara, kuanzia Jumatatu wewe ndiye fundi mkuu. Nilipiga vigelegele mpaka wenye kupiga picha wakageuka. Mdharau mwiba, mguu huota tende!

Sasa kaka, jambo lililonifanya niandike kwa kalamu na siyo kukupigia simu. Kwenye simu ungenikatiza.

Aliyetia ile oili nzito ni mimi.

Ijumaa ile Chuma alipoondoka, maneno yake yalibaki tumboni. Nikasema, Chuma kasema, kaka yangu kasema, wanaume wawili wa kazi; mtoto wangu amesoma kitabu tu. Nikaingia stoo, nikatoa lile kopo la oili ya lori ulilolisahau hapa, nikachukua faneli yangu ya mafuta ya taa, nikamiminia karibu nusu kopo. Nilidhani namsaidia. Nilikuwa naomba dua huku namimina, kaka! Na Jumamosi, walipomwangalia yule mzee, nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake, nikamwacha abebe lawama yangu.

Wiki mbili nilikaa na siri hiyo. Juzi nikamwambia binti. Akasema anajua tangu siku ile, alipochukua beseni la kumwagia oili alikuta faneli nimeioshea sabuni, na mimi faneli siioshi. Nikamwuliza mbona hakusema. Akaniambia kwamba yeye alishanisamehe pale pale chini ya gari, ila aliyeshukiwa si yeye. Akarudi kwenye kazi yake. Nimemzaa mimi yule, lakini siku hiyo alikuwa mkubwa kuliko mimi.

Kwa hiyo nimeamua. Siku wanapopandisha kibao kipya cha gereji, kilichoandikwa jina la mpwa wako, na Chuma atakuwepo na mafundi wale wale, nitasimama nimwombe radhi mbele yao wote, kwa sauti ile ile niliyopigia vigelegele. Nawe utakaa karibu yangu, kwa sababu kopo lilikuwa lako.

Msalimie wifi sana, na watoto, na yule shemeji anayejifanya anajua magari. Mwambie aje ajifunze. Ninyi wote mnatakiwa hapa siku hiyo ya kibao, Jumamosi ya tarehe kumi na nne, saa nne kamili asubuhi, na asiyekuja asinisalimie tena.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Fundi Mkuu