Niligeuza Maneno ya Daktari Mbele ya Baba

Mpendwa Mama mshauri, nisaidie kabla ya Alhamisi maana sijui nitamtazama baba yangu kwa macho gani. Naishi Okolona, hapa Louisville, na baba yangu mzee Nyarugabo, mimi ndiye ninayempeleka hospitali nikitoka kazini, na walipotaka kumpa mkalimani wa simu nilikataa, nikasema mtoto wake nipo, Kiingereza najua. Bon, mwezi wa tisa daktari akasema baba ana saratani ya damu, ile isiyoonekana mara nyingi, makovu yanaota ndani ya mifupa pale damu inapotengenezwa, na mimi nikamgeukia baba nikamwambia damu yako imepungua. Nikampigia mzee Rurangwa wa Columbus, mkubwa wa ukoo, kwa sababu kwetu milimani tulikotoka mgonjwa haambiwi habari mbaya kabla ya wakubwa, naye akasema nyamaza, ukimwambia utamuua, nikanyamaza miezi minne huku baba anakunywa maji ya beterave, vile viazi vyekundu, akisema damu inarudi, na tumbo upande wa kushoto linazidi kuvimba. Sasa daktari anasema njia pekee inayoweza kumponya ni kupandikizwa chembe zinazotengeneza damu, na zinazofaa zaidi ni za ndugu yake wa tumbo moja, naye amebaki mmoja tu, baba mdogo Gatera wa Buffalo. Nikamwambia baba wanataka Gatera amtolee damu. Akacheka: "Gatera aache kazi yake kiwandani kwa ajili ya damu kidogo? Waambie hapana." Donc nikasema hapana, daktari akaandika, na Alhamisi baba atatia sahihi kwamba amekataa. Nampenda baba yangu na ninaogopa.

Ingabire, Okolona

Ingabire, pole mwanangu. Nimekuonea huruma, sasa nakugombeza. Mkalimani ulimnyang'anya kazi yake, halafu hukuifanya. Mzee Rurangwa simlaumu sana. Kule milimani ugonjwa huu haukuwa na dawa, na kunyamaza kulikuwa namna ya kumtunza mtu. Huko uliko, kunyamaza kunamnyima baba yako nafasi yake ya kuamua. Na usidhani hajui kitu. Mtu akivimba tumbo anajua, ila anaogopa peke yake.

Leo piga simu hospitali, uombe mkalimani asiye ndugu wala mtu wa kanisa lenu. Mjulishe Rurangwa, usimwombe ruhusa. Kabla hamjatoka nyumbani, mwambie baba ulimficha, umwombe msamaha. Chumbani kwa daktari kaa pembeni ufunge mdomo. Daktari aeleze polepole jina la ugonjwa, unavyokwenda, hatari za kupandikizwa, Gatera atatolewa nini. Kisha baba aeleze kwa maneno yake alichosikia, na akikosea, arudiwe. Kabla ya hapo asitie sahihi popote.

Siwezi kukuahidi kwamba atapona. Huenda Gatera akapimwa asilingane naye. Huenda baba akasikia yote na bado akasema hapana, nawe utalia na kukubali. Lakini ile hapana uliyompa daktari si yake. Baba yako hajaulizwa bado.