Kiti cha Heshima Sikitaki, Nataka Mwiko Wangu

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi basi pokea salamu tu, naomba unisaidie kabla sijamtukana ndugu yangu wa tumbo moja mbele za watu. Mimi ni mama wa makamo, naishi hapa Kariakoo, na watu wananijua kwa kupika kwenye shughuli. Sijisifu, waulize kuanzia Gerezani mpaka Magomeni, iwe harusi iwe hitima, mtu akishapata kibali chake cha kununulia mchele wa mgao anakuja kwangu kabla hajaenda kuazima masufuria, maana mchele siku hizi ukiungua hupati mwingine.

Mwaka jana baada ya mfungo nilishikwa na tumbo, likavimba, nikawa natapika, nikakimbizwa hospitali, wakakuta utumbo umejisokota na kipande kimeoza, wakakikata. Nilipozinduka nikakuta wamenitoboa kushoto mwa kitovu, choo kinatokea hapo na kuingia kwenye mfuko wa mpira, na daktari akasema ndiyo itakuwa hivyo maisha. Nililia mpaka sauti ikakauka. Lakini alikuwapo nesi mmoja mwenye subira, akanifundisha kuuosha mfuko, kuuanika kivulini, kukausha ngozi isichubuke, na kuepuka maharage na kabichi nikiwa na safari, na mume wangu Bushiri, Mungu amzidishie, yeye ni fundi cherehani, akanishonea mkanda wa kitambaa wa kuushikilia, akaniambia mke wangu umerudi mzima, hayo mengine ni mazoea. Na kweli nimezoea. Hata kwa sheikh tulikwenda, akanieleza namna ya kutawadha kwa kila swala, akasema swala yangu haina dosari. Yaani Mungu anapokea swala yangu, dada yangu Mgeni hapokei pilau yangu!

Mgeni ni mkubwa wangu, tumepika pamoja tangu marehemu mama yuko hai. Shughuli ya kwanza niliyokwenda baada ya kupona, nimejifunga kanga yangu kibwebwe, naingia uani, Mgeni akanishika mkono, akanitoa kwenye mafiga, akanipeleka barazani kwenye kiti chenye mto, akasema wewe sasa ni mtu wa kuheshimiwa, kaa upokee wageni. Nikadhani ananihurumia kwa sababu ya mshono, nikamshukuru. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa hitima, watu wametulia, dua inasomwa, tumbo langu likatoa sauti, na hilo tundu halina adabu, halibanwi, likitaka kusema linasema. Wanawake wakatazamana, mmoja akavuta upande wake wa mkeka. Nikainuka kwenda kujirekebisha, napita uani, namsikia Mgeni kwa masikio yangu akiwaambia wenzake, "Ndiyo maana nimemtoa jikoni. Nani atakula chakula cha mtu anayetembea na choo chake kiunoni?"

Nikaenda nikajirekebisha, nikarudi kwenye kiti nikakaa. Na siku ile pilau ilishika chini, nilisikia harufu tangu barazani, hawakupunguza kuni kabla ya kupalia makaa juu ya mfuniko, mimi huku nimekalia mto wangu nimenyamaza.

Sasa anaolewa Sitara, binti wa huyohuyo Mgeni, mtoto aliyekuwa analala kwangu wakati wote anasoma. Juzi alikuja, akaniambia, "Mama mdogo, usipopika wewe, mimi siku yangu sitakula." Siku moja kabla ya hapo mama yake alikuwa ameniletea salamu kwamba sare yangu ipo na kiti changu kipo. Bushiri anasema niende nikikalie tu ili ndugu tusigombane. Mimi nafsi yangu inaniambia nisiende kabisa, au niende niyamwagie maji mafiga yote yazime. Nifanye nini, mshauri?

Ni mimi,
Mpishi wa Barazani, Kariakoo

JIBU

Mama mpishi, maji yako yaache mtungini. Mchele wa kibali haujakukosea kitu, na Sitara hajakukosea kitu.

Pole sana. Na nikishasema pole, naomba nikasirike pamoja nawe. Huyo dada yako anauliza nani atakula chakula cha mtu mwenye choo kiunoni. Kwani wote waliokuwa uani pale walikuwa wamebeba nini matumboni mwao, maua? Kila binadamu anatembea na chake, wewe umebadilishiwa mlango tu. Tena wewe unanawa kwa sabuni kila unapougusa mfuko wako. Nimeingia nyua nyingi za shughuli, nimemwona mama anambadilisha mtoto nepi, anajipangusa kwenye kanga, anarudi kukuna nazi, na hakuna aliyempelekea kiti chenye mto.

Lakini na wewe nakugombeza. Kile kiti umekikalia mara tatu. Mara ya tatu umekirudia ukiwa umeshasikia maneno, pilau inaungua pua yako inajua, ukanyamaza. Mgeni atajuaje kwamba umeumia? Barua umeniandikia mimi, na mimi sina harusi.

Sasa sikiliza. Nenda kwa dada yako kabla ya siku, mkae wawili tu chumbani, mlango umefungwa. Mwambie maneno yake uliyasikia, umrudishie neno kwa neno. Kisha mfunulie tumbo. Mwoneshe mfuko, mkanda aliokushonea mumeo, na namna unavyosafisha. Anaogopa kitu ambacho hajawahi kukiona, na mlitoka tumbo moja. Akilia, mwache alie, usimwambie basi yamekwisha mpaka akujibu kuhusu mwiko.

Siku ya shughuli fika mapema na mwiko wako na kipande cha sabuni. Nawa mbele ya wote, halafu sabuni hiyo mpitishie kila mpishi, wote wanawe mikono, kuanzia dada yako. Kukoroga ni kazi yako, kubeba masufuria si kazi yako tena, waachie vijana, mshono usije ukaachia. Mfuko badilisha nyumbani, na wa akiba uwe kwenye kikapu chako. Na nisisikie kwamba unashinda njaa ili tumbo linyamaze. Kula. Likisema, sema "samahanini" uendelee kukoroga.

Bushiri umwambie amekushonea mkanda mzuri, ila ushauri wake haukukaa vizuri, aufumue.

Na Mgeni akikataa katakata? Nenda vilevile, vaa sare yako, mbusu Sitara, simama naye. Lakini kile kiti usikikalie hata kwa kupumzika. Kiache kitupu palepale barazani na mto wake, kila mgeni anayeingia akione. Watauliza ni cha nani na mbona mwenyewe hakai, na pilau leo kapika nani. Wewe usijibu neno. Mwache aliyekiweka awajibu.