Jina Lililotakiwa Kujipima Lenyewe

Mke wangu mpendwa, Mama Yoeli,

Uniwie radhi kukuandikia hadharani, nawe hukupenda kusemwa mbele ya watu. Kosa nililitenda mbele ya watu. Sina haki ya kuliungama chumbani.

Utakumbuka ofisi yetu ya kumbukumbu za viwanja, mwaka ilipoletwa kompyuta ya kwanza. Mimi niliandika maelezo ya kuijulisha mashine jinsi kila rekodi ilivyopangwa: jina linaanzia wapi, linaishia wapi. Wewe uliyachapa. Penye urefu wa jina, niliagiza mashine itumie idadi ya herufi za jina hilohilo. Ukaniinamia.

"Baba Yoeli, itajuaje urefu wa jina ambalo haijalisoma? Na bila urefu haiwezi kulisoma. Umefungia ufunguo ndani ya sanduku lake."

Bi Zuhura wa meza ya pili akacheka. "Leo msomi wa misheni kakamatwa!"

Nikaona haya. Nikakuamuru uchape kama nilivyoandika.

Mashine iligoma. Mkuu alipouliza nani amekosea, nilitazama viatu vyangu, nikajibu, "Mchapaji, bwana." Ulisikia, ukarudi mezani pako. Orodha ya kupunguzwa kazi ilipotoka, ulikuwemo. Ukaenda kulima alizeti Nzuguni, wala hukunilaumu hata siku moja.

Baadaye nilijifunza kwamba sehemu ya rekodi ikishasomwa, inaruhusiwa kujikagua yenyewe. Kabla ya hapo haina cha kutazama. Nami nimehitaji upweke huu ndipo nijitazame. Hapa nyumbani, mtaa wa Area D, siku nyingine sauti pekee ninayoisikia ni ya muuza maziwa, naye ana haraka.

Nilipoandika hadi hapa, nilimpelekea Bi Zuhura barua hii kwake Chang'ombe, aisome kwanza. Alivua miwani.

"Mzee wangu, tulijua siku ileile. Tulikuwa tunakwenda kumwambia mkuu ukweli. Mama Yoeli akasimama mlangoni: 'Mwacheni. Mkimwaibisha, hatainua tena uso kanisani.'"

Sikuweza kumuaga vizuri. Kwa hilo naye nitamwomba radhi. Miaka yote nilidhani nimewaficha wenzetu kosa langu, kumbe wewe ndiye uliyenisitiri.

Hata hivyo, barua hii naibandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi. Waliobaki pale wajue kwamba ulichapa sawasawa.

Pumzika kwa amani, mwenzangu.

Mimi mumeo,
Baba Yoeli