Tarumbeta la Mapafu

Karakana, 3 Februari

Mpwa wangu,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, mumeo na huyo mtoto wenu Chiriku asiyefunga mdomo. Miaka mitatu tu na keshanishinda kwa maneno! Mimi ni mzima, ila kikohozi hiki cha vumbi la mbao kinanisumbua tangu kabla ya mwaka mpya. Ukishika randa miaka thelathini, utaacha kukohoa? Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya gundi, usihangaike kupiga. Dereva wa lori la mbao atatubebea barua.

Jana shemeji, mjane wa rafiki yangu Mapafu, alinikabidhi tarumbeta la marehemu. Miezi yote minne ya ugonjwa wake nilikaa naye chumbani kila jioni nikitoka kazini, madirisha tumefunga kwa sababu ya baridi. Yeye alipuliza noti mbili tatu, mimi nikamkosoa, tukacheka. Pumu ile ilimmaliza. Sitaki tarumbeta lake lining'inizwe ukutani kama kofia kuukuu. Nataka watoto wa darasa lako la muziki walipulize.

Nimelitengenezea sanduku, nikachonga kifunikoni: Kwa kumbukumbu ya Mapafu. Nje nimeling'arisha, ndani sijaligusa. Unaijua bendi yetu: mpulizaji akifa, chombo chake hakioshwi mpaka mwingine akipulize, ili pumzi isikatike. Nitalileta mwenyewe Jumatatu, niwafundishe siku tatu.

Mjomba wako


Shuleni, 20 Februari

Shikamoo Mjomba,

Habari za tangu uondoke? Sisi hatujambo, ila masikio yetu ndiyo yanayougua. Watoto kumi na wanne wanapokezana tarumbeta, na kumi na watatu wanatoa sauti ya mbuzi. Yule msichana mfupi uliyempigia makofi ndiye pekee anayetoa noti safi. Mwalimu mkuu bado anatufungisha madirisha kama alivyofanya ulipokuwa hapa. Anasema tukifungua, hasikii hata anachofikiri.

Chiriku anakuulizia kila siku. Umenidekezea mtoto! Tangu alale kifuani kwako zile siku tatu, kwangu halali bila vita. Tena anakuigiza: anashika kiuno, anainama, anakohoa, halafu anasema, "Vumbi hilo!" Tunacheka mpaka machozi. Lakini tafuta dawa basi.

Mpwa wako


Shuleni, 18 Machi

Shikamoo Mjomba,

U hali gani? Dereva amekuja mara nne mikono mitupu. Anasema anakukuta umekaa tu kwenye meza ya kazi, randa iko chini, na akiomba barua unamwambia wiki ijayo. Wewe, usiyeweza kukaa bila kuchonga kitu! Nimekukosea? Kama ni mimi, nigombeze. Kama ni msiba wa Mapafu, niambie nije.

Mpwa wako


Karakana, 22 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nimeshindwa kuzipanga, nisamehe. Naogopa.

Mwishoni mwa Februari shemeji alikuwa anakunja nguo za marehemu ili azigawe. Ndani ya bitana ya koti akakuta kadi ya hospitali na vidonge vingi ambavyo havijaguswa. Haikuwa pumu. Kilikuwa kifua kikuu. Mapafu alijua. Alimeza dawa mwezi mmoja, akaacha, akanyamaza, maana aliogopa bendi itamtoa na mimi nitaacha kwenda kwake. Kama angeniambia, ningemshikia hata kikombe cha maji ya kumezea.

Na mimi nimewaletea watoto wa watu tarumbeta ambalo halijaoshwa, najigamba eti pumzi isikatike! Barua hii nimeiandika mara nne, na mara nne nimeichoma pamoja na maranda. Mlango wa karakana ukigongwa nadhani ni mzazi amekuja kunishika shati. Nawaogopea watoto. Namwogopea Chiriku wetu. Na niiseme aibu yangu yote: nimeogopa pia kwamba watu wakijua, watakwangua jina la rafiki yangu kwenye lile sanduku.

Lifungie hilo tarumbeta leo. Wapeleke watoto wakapimwe. Ukitaka kunitukana, nitukane.

Mjomba wako


Shuleni, 24 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nilitaka kukunyima hata hiyo shikamoo. Wiki tatu, Mjomba! Wiki tatu umejua, na wao wanapuliza!

Nimelifungia tarumbeta kwenye kabati la chaki, nikambeba Chiriku mpaka zahanati, miguuni nimevaa ndala mbili zisizofanana. Daktari, mama mtu mzima asiye na haraka, alinisikiliza, kisha akaniambia ugonjwa huu hausambai kwa kushika wala kupuliza chombo. Unasafiri kwa hewa, kutoka kwa mgonjwa anayekohoa, hasa ndani ya chumba kilichofungwa. Nililia kwa furaha mbele yake. Aliniacha nimalize, halafu akauliza, "Huyo marehemu alikuwa anakaa na nani?"

Nikamwambia na mkewe, na wewe.

"Na huyo mjomba wako, anakohoa?"

Chiriku ndiye aliyejibu. Alishuka mapajani mwangu, akashika kiuno, akainama, akakohoa kama wewe. "Vumbi hilo!" akasema. Daktari hakucheka. Alimpima, na majibu yake yanatoka Alhamisi ya wiki ijayo.

Mjomba, nenda kapimwe leo. Ukiniandikia tena habari za vumbi, nitakuja kukuvuta kwa sikio.

Mpwa wako


Karakana, 31 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa mumeo, na kwa Chiriku, ambaye kwa sasa namkumbatia kwa karatasi tu. Shemeji amepimwa, yeye ni mzima. Mimi, kikohozi changu siyo cha vumbi.

Vidonge vya kwanza nimemeza mbele ya muuguzi. Ni miezi sita, na hakuna hata kimoja kitakachoingia kwenye bitana. Karakana nimeifunga kwanza, na madirisha yote yako wazi.

Waite wazazi. Wapimwe watoto wote kumi na wanne, wewe, mumeo na mwalimu mkuu. Kutakuwa na atakayesema tarumbeta litupwe na jina likwanguliwe. Wasomee barua hii, usiruke mstari. Waambie tarumbeta halina kosa. Ni mimi, seremala, niliyewakoholea watoto wao siku tatu kwenye darasa lililofungwa, nikasema vumbi. Mwenye hasira aje kwangu, ila asimame nje ya mlango.

Tarumbeta lioshe, mpwa wangu. Ndani, kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Nililiacha bila kuoshwa ili nisiipoteze pumzi ya Mapafu, kumbe ninayo mimi kifuani, na nimemlaza Chiriku juu yake.

Uliniambia majibu yake yanatoka Alhamisi. Nimemwambia dereva asirudi mikono mitupu, hata kama ni mstari mmoja. Leo ni Jumanne. Nimekaa mlangoni, kila lori linalopita nasimama.

Mjomba wako