Makaratasi yako ya malaika na nyota

Furaha, mujukulu yangu,

Umenitendea vibaya. Mimi njo nilipashwa kufa mbele, weye ukapita bila kuuliza muntu. Bon. Sikiliza.

Tulikuzika wiki tatu sasa. Bamama ba kanisa balikuwa banakuya kila siku hapa Jette, hapa Ulaya, kuimba na kupika. Kisha nikafanya ujinga. Nilimuita mumoja wao, Maman Béatrice, anyunyize mayi ya chumvi mu chumba yako, vile tunafanyaka kwetu. Akainama chini ya kitanda, akafungua carton zako za vitabu na makaratasi. Mizunguko, nyota, majina ya malaika kwa maandishi ya Bayuda, jua yenye uso ya muntu. Alipiga kelele kama ameona nyoka.

Sasa pasteur anasema ile vitabu njo ilikuua. Kesho dimanche, ku ibada, nilete yote bachome, ao hakuna muntu atakuya tena kuomba na mie. Nilimuambia docteur alisema ni mapafu. Anatingisha tu kichwa.

Ulinifasiria ile kazi yako ya universite, mie nikikata majani ya sombe: basomi ba Ulaya ba zamani, Bakristu, balichukua siri za Bayuda, hekima ya Misri, nyota, majani, Yesu, bakatia yote mu nyungu moja, bakitafuta Mungu. Nikakugombeza: "Nilikutuma universite kusomea bulozi, uchawi?" Ukacheka. "Koko, na Zaburi unasomea juu ya mayi? Na majani ya mama yako, unachemsha kwa Jina la Yesu? Weye na bale bazee mungesikilizana!"

Nilikununia siku mbili. Hata chai sikukupa. Ile chai inaniuma, Furaha.

Kifaransa yangu ni bonjour na merci. Bila bale bamama, niko mie na kuta ine. Nikichoma, ni mikono yako nachoma, ile maandishi kidogo-kidogo kama sisimizi. Nisipochoma, nani atanizika? Leo nimekokota carton mpaka ku ascenseur ya kushuka chini mara mbili. Mara mbili nimerudisha.

Alors, nimekata shauri. Kesho nitaenda mikono mitupu, nikae ku banc ya mbele, pahali yangu. Bakitaka kunitosha inje, baninyanyue. Niko nzito.

Lundi, kesho kutwa, sijui nani atagonga ku mulango. Pengine hakuna.

Lala, mutoto mubishi. Ningali na pumzi, hakuna muntu atagusa kazi yako na kiberiti. Nimeapa.

Koko wako