Mlango wa Duka la Jeshi

S.L.P. 17,
Vwawa, Mbozi.
11 Julai, 1982.

Mpendwa mdogo wangu Osea,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hamjambo wewe na wifi Nesta? Watoto wazima? Mkonge wa Tanga bado unakuchoma mikono, au siku hizi umekuwa bwana mkubwa wa kuketi ofisini? Sisi hatujambo, ila Mama alitutia hofu.

Baridi ya mwezi wa sita ilimwingia kifuani, akawa anakohoa mpaka tunaogopa kulala. Blanketi lake unalijua, limebaki matundu. Duka la kijiji lina chumvi na viberiti tu. Tunduma nzima nimezunguka, nikarudi mikono mitupu.

Ndipo mwanangu Lwitiko, aliyeko jeshini huko mpakani, akaleta habari kwamba duka la kambi yao limepata mablanketi, na kwamba amemwombea babu yake ruhusa ya kununua moja. Nikaondoka na Baba siku hiyo hiyo.

Getini nilichelewa nikisalimiana na mwanangu, Baba akatangulia. Nilipoingia dukani, mdogo wangu, nilisahau hata kufunga mdomo. Sabuni za mche zimepangwa hadi juu, sukari magunia kwa magunia, vitenge, hata redio! Na muuzaji ni mwanamke, Sajini Pili, kavaa mabuti yake. Lakini Baba hayumo, na hakuna aliyemwona. Mablanketi yanakwisha, foleni inasonga.

Mimi na Lwitiko tulimkuta nyuma ya jengo. Amesimama wima mbele ya kidirisha kilichofungwa, kofia kwapani, pesa mkononi.

"Subiri, Enesi," akaniambia. "Hawajafungua bado."

Nikamuuliza nani kamwelekeza huko. Akanitazama kama mtoto mjinga. "Duka la jeshi, sisi tunanunulia dirishani. Mlango ni wa wazungu."

Osea, tumekua tukisikia alivyokuwa Keya, askari wa Mwingereza, akapigana vita vya Mfalme hadi Bama kule Asia, na mvua na misitu ya huko. Habari ya dirisha hakutuambia hata siku moja. Uhuru umepita miaka ishirini, naye bado anangoja pale. Nililia, sikujificha.

Sajini Pili akatoka mwenyewe. "Shikamoo, mzee wangu. Hapo ni stoo tu, njoo upite huku."

Baba alifuta viatu mlangoni mpaka waliokuwa nyuma yake wakangoja. Ndani hakuangalia sabuni wala sukari. Aliwaangalia askari wanavyokunywa chai meza moja na mkubwa wao. Yule mkubwa akainuka, akampa kiti chake. Baba akakaa. Alipoletewa chai, Lwitiko akamshikia kikombe. Sijawahi kuona jambo kubwa kama lile.

Blanketi tulipata, la mwisho kabisa. Mama sasa analala, kikohozi kimepungua, na anakusalimu sana. Nisalimie shangazi Fides. Mwambie Nesta kitenge alichoniagiza foleni ilinishinda, asininunie.

Jana asubuhi Baba alivaa koti lake la kanisani, akaniambia twende tena kambini. Nikamuuliza, safari hii tunakwenda kununua nini?

"Hatununui kitu," akasema. "Nataka kupita mlangoni tu."

Mungu awafunike nyote na awape afya.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni na nikupendaye hadi leo,
Enesi